Nyumba imepata mnunuzi, wakili hajibu simu

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Leicester. Mimi na mume wangu tulinunua nyumba hapa mwaka 2004, ya vyumba vitatu, zile zilizopangwa ukuta kwa ukuta na za jirani. Ndimo tulimolelea watoto. Sasa watoto wamekua, mume wangu amestaafu na amekwisharudi Tanga, anasimamia ujenzi wetu kule Pongwe. Mimi nimebaki niuze nyumba, kisha nimfuate.

Mnunuzi alipatikana upesi. Ni vijana, mume na mke, wana mtoto mmoja, wananunua kwa mkopo wa benki na hawana nyumba ya kuuza kwanza. Tulikubaliana bei kabla ya Ramadhani. Wakala wa nyumba akaja kubadilisha bango pale mbele, likasomeka kwamba nyumba imeuzwa, majirani wakaanza kuniaga. Tukafunga, tukafungua, Idi ndogo ikapita, na sasa Idi ya kuchinja nayo imepita. Bango lipo, na mimi nipo. Ukumbini kwangu huwezi kupita bila kugonga maboksi.

Wakili nilielekezwa na huyo huyo wakala wa nyumba. Ofisi yake iko mji mwingine, sijawahi kumwona kwa macho. Mwanzo alikuwa akijibu vizuri. Siku hizi nikipiga simu napokewa na binti wa mapokezi, ananiambia mwenye faili yuko kwenye simu nyingine, au yuko likizo, atanipigia. Hapigi. Nikiandika imeili najibiwa mstari mmoja: "Tunasubiri upande wa pili." Nikimgeukia wakala wa nyumba, ananiambia upande wa pili wanasema wanatusubiri sisi. Sasa nani anamsubiri nani?

Yapo mambo mawili mengine nikwambie. Mwaka 2009 tulijenga chumba cha nyongeza nyuma, tukapanua jiko. Fundi alikuwa mtu tunayemjua, kazi yake nzuri, mpaka leo hakuna ufa. Lakini karatasi za kaunsili, yaani halmashauri ya mji, sizioni. Wakili wa mnunuzi ameuliza cheti cha ujenzi ule. Nilitaka niende mwenyewe kaunsili nikaulizie, kijana wangu akanizuia, akasema nimuulize wakili kwanza. Nimemwandikia wakili, hajajibu. Nimechoka, wiki hii nitapiga simu kaunsili nilimalize.

La pili, wakili aliomba nakala ya pasipoti ya mume wangu iliyothibitishwa, maana nyumba ina majina yetu wote wawili. Mume wangu aliipiga picha akanitumia kwa WhatsApp, nami nikaipeleka kwa imeili. Sikusikia tena lolote, nadhani ilipokelewa.

Na huyo mume wangu, Mjomba, ndiye anayenimaliza. Kila usiku ananipigia. Anasema huku mtu anauza kiwanja asubuhi mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mashahidi wanatia saini, jioni hela iko mfukoni, iweje Ulaya ishindikane? Ameanza kunisemesha kama mtu anayedhani nimeshalipwa na ninamficha.

Kijana wangu anasema tumfukuze wakili tuchukue mwingine. Wakala wa kontena anataka malipo ya awali. Kazini, nyumba ya kulelea wazee, nataka kujua lini niandike barua ya kuacha kazi. Na jana wakala wa nyumba amenipigia kwamba wanunuzi wameanza kuzunguka kuangalia nyumba nyingine, kwa kuwa ofa yao ya mkopo inakaribia kwisha muda.

Nimfukuze wakili au nisubiri?

Mama wa Leicester

*

Marahaba, mwanangu.

Swali lako nitalijibu, ila lipo la kutangulia: simu ya kaunsili usiipige. Usiende dirishani kwao, usimtume jirani, usiandike imeili ya kuulizia tu. Kijana wako alikushauri vizuri hapo. Kwa lile la kumfukuza wakili, nitatofautiana naye baadaye.

Sababu ni hii. Ukijenga chumba cha nyongeza Uingereza, mkaguzi wa ujenzi anatakiwa aje aone msingi, chuma kilichobeba ukuta na mifereji, kisha mwishoni atoe cheti cha ukamilishaji. Wakili wa mnunuzi anakitaka kwa sababu benki ya mteja wake inakitaka. Cheti kisipokuwepo, njia ni mbili. Ya kwanza ni kuiomba kaunsili ihalalishe kazi iliyokwishafanyika. Njia hiyo ipo kisheria, lakini mkaguzi anaweza kutaka sakafu ichimbuliwe au dari ifunguliwe aone kilichofichwa, na akikuta kasoro utairekebisha kwa fedha yako huku wale vijana wakisubiri. Ya pili ni bima. Unalipa mara moja, kiasi ambacho ukikiweka kando ya bei ya nyumba ni kidogo, nayo inamlinda mnunuzi na benki yake endapo siku moja kaunsili itakuja kudai kwamba ujenzi haukufuata kanuni. Mawakili wa nyumba wanaitumia kila siku, hasa kwa kazi ya zamani ambayo hakuna aliyeilalamikia, kama yako.

Sasa kampuni ya bima kabla ya kuuza inauliza: je, kuna mtu yeyote aliyewasiliana na kaunsili kuhusu jambo hili? Ukishapiga simu, jibu ni ndiyo, na kwa kawaida bima hupati tena. Inabaki ile njia ya kuchimbua sakafu. Nilikaa miaka mingi ukarani katika ofisi za mawakili wa nyumba nchi hii, na nimeona mauzo yaliyobakiza saini yakirudi nyuma miezi, kisa muuzaji alipita kaunsili akitoka sokoni, kwa nia njema kabisa.

Fundi wako unaruhusiwa kumpigia. Muulize kama aliitoa taarifa ya ujenzi kabla hajaanza, na kama alimtumia mkaguzi binafsi aliyeidhinishwa, maana hapo karatasi zinaweza kuwa kwa mkaguzi huyo. Aidha wakili wa mnunuzi huomba taarifa za nyumba kutoka kaunsili kama sehemu ya upekuzi wake wa kawaida, na majibu hayo huonyesha vibali na vyeti vilivyosajiliwa. Kama kipo, yeye ndiye ameshakiona. Kwa kuwa anaendelea kuuliza, mimi naona hakipo. Basi mwandikie wakili wako maneno haya, kwa Kiingereza chako cha kila siku: cheti cha kazi ya 2009 sina, sijawasiliana na kaunsili na sitawasiliana, niko tayari kulipia bima, tafadhali mpelekee wakili wa mnunuzi pendekezo hilo leo. Wakili wao ataipeleka kwa benki yao, na mara nyingi swali linafungwa. Uelewe tu kwamba bima haisemi chumba ni imara. Hilo ni la mpimaji wao, yule anayeikagua nyumba kwa ajili ya mnunuzi na benki, na kama alishakuja akaenda bila makelele, limekwisha.

Tuje kwa pasipoti. Hapa ndipo ninapohisi faili lako limelala.

Nakala iliyothibitishwa ni ile ambayo mtu anayekubalika, kwa mfano wakili au mthibitishaji wa hati, ameiona pasipoti halisi mkononi, akaandika juu ya nakala kwamba inalingana na ile halisi, akatia saini, tarehe, jina na mhuri. Picha ya WhatsApp haihesabiwi. Kanuni za kuzuia utakatishaji wa fedha zinamlazimu wakili kumtambua kila mteja wake, na mume wako ni mteja sawa na wewe. Bila hilo, ofisi makini haithubutu kuendelea. Kosa la wakili wako ni kutokukwambia. Aliipokea picha, akaona haifai, akaiacha faili, nawe ukadhani imepokelewa. Kwa hilo simtetei.

Mumeo aende kwa wakili yeyote pale Tanga mjini. Wengi wao ni makamishna wa viapo na mhuri wanao. Kabla hajaenda, wewe uliza ofisi ya wakili wako wanataka maneno gani yaandikwe juu ya nakala, asije akalipa mara mbili. Uliza pia kama wanatumia ile programu ya simu inayosoma pasipoti na uso wa mtu, na kama inamkubali aliye nje ya Uingereza. Watataka na uthibitisho wa anwani, na hapo ndipo watu wetu hukwama: umeme wa LUKU unanunuliwa kwa tokeni, hauna bili ya mwezi inayoletwa mlangoni yenye jina lako. Atafute bili ya maji ya Tanga UWASA yenye jina lake, au taarifa ya benki iliyogongwa mhuri na tawi. Nakala halisi itumwe kwa kampuni ya vifurushi moja kwa moja hadi ofisini kwa wakili, na namba ya kifurushi akutumie wewe.

Akiwa bado na kalamu mkononi, kuna kazi nyingine inayomsubiri. Umiliki hapa huhamishwa kwa fomu iitwayo TR1, ambayo baadaye hupelekwa HM Land Registry, masjala ya ardhi. Wote wawili mtaisaini, kila mmoja mbele ya shahidi aliyesimama pale pale akimwona anasaini. Shahidi wa simu ya video hafai. Wewe huwezi kuwa shahidi wa mumeo, kwa kuwa nawe ni mmoja wa wauzaji. Amtafute mtu mzima asiyehusika na nyumba hii, jirani au huyo huyo wakili wa Tanga, aandike jina lake kamili na anwani kwa herufi zinazosomeka. Tarehe mumeo asiijaze. Itabaki wazi, fomu itakaa kwa wakili, na itatiwa tarehe siku ya makabidhiano. Mweleze mapema, asije akaona karatasi isiyo na tarehe akadhani anatapeliwa.

Mwambie wakili akutumie fomu hiyo sasa, asingoje dakika ya mwisho. Karatasi ya kwenda Tanga na kurudi inakula muda, na ni muda ambao mnaweza kuumaliza huku mengine yakiendelea.

Wapo watakaokwambia: mumeo akupe wewe hati ya uwakilishi usaini kwa niaba yake, yaishe. Usikimbilie huko. Nyumba yenye wamiliki wawili, sheria inataka fedha yake ipokelewe na watu wawili, na Trustee Delegation Act ya 1999 haikubali mtu mmoja ajihesabu mara mbili, kwa nafsi yake na kwa niaba ya mwenzake. Akiamua kutoa uwakilishi, ampe mtu wa tatu, kwa mfano huyo kijana wenu, na hati iandaliwe na wakili. Kwa hali yenu naona kifurushi ni rahisi zaidi.

Sasa lile fumbo la nani anamsubiri nani.

Ukiuliza "tumefikia wapi?", utajibiwa "tunasubiri", kila mara. Karani mwenye mafaili mengi mezani analijibu swali hilo bila hata kufungua faili. Uliza kitu kinachomlazimu alifungue. Katika mauzo haya wakili wa mnunuzi hutuma orodha ya maswali: mpaka wa uzio ni wa nani, boila ilihudumiwa lini, madirisha yalibadilishwa na nani. Omba upewe orodha hiyo kama ilivyo leo, kila swali ambalo halijafungwa liwekwe alama, na mbele yake iandikwe nani anapaswa kulijibu na tangu tarehe gani. Weka namba ya faili kwenye kichwa cha imeili. Andika mara moja kwa wiki, siku ile ile. Ukiandika kila siku, imeili zako zinapewa foleni yake na haziendi popote.

Kisha mpigie wakala wa nyumba. Huyu hulipwa kamisheni yake nyumba ikikamilika, kwa hiyo haraka yako ni haraka yake. Tena yeye ana ruhusa ambayo wakili hana: wakili wako haongei na wanunuzi, kwa kuwa wana wakili wao, lakini wakala anaongea nao saa yoyote. Amwombe kijana yule mnunuzi apate orodha ile ile kutoka kwa wakili wake. Sasa utakuwa na orodha mbili. Ziweke mezani ubavu kwa ubavu. Swali ambalo upande wako wanasema limejibiwa, na upande wao wanasema halijajibiwa, hilo ndilo lililokaa katikati ya ofisi mbili bila mwenyewe. Ukilitaja kwa namba yake, "swali la 14 tulilijibu tarehe fulani, wao hawajalipata, tafadhali litume tena", halina pa kujificha.

Utashangaa pia kukuta maswali ambayo jibu lake ni wewe tu. Madirisha yaliyobadilishwa baada ya Aprili 2002 yanahitaji cheti, na kama aliyeyaweka alikuwa mwanachama wa FENSA, chombo kinachosajili mafundi wa madirisha, nakala unaiagiza mwenyewe kwao. Usijibu lolote kwa kukisia, hasa kwenye fomu ya TA6, ile ya maelezo ya nyumba uliyojaza mwanzo. Usichokijua andika kwamba hukijui. Mnunuzi akidanganywa anaweza kurudi kudai fidia hata ukiwa Pongwe unamwagilia michungwa.

Wale vijana kuangalia nyumba nyingine usilichukulie kuwa wameshaondoka. Wameshatoa fedha kwa mpimaji na kwa upekuzi, na wakiondoka hawarudishiwi. Nionavyo wana hofu ile ile uliyo nayo, na hakuna anayewaambia kitu. Kupitia wakala, waulize ofa yao ya mkopo inaisha tarehe ngapi. Wengi hupewa miezi mitatu hadi sita. Waombe wazungumze na benki kuhusu nyongeza mapema, kabla haijaisha. Na wewe uwape habari mbili: bima utailipia, na pasipoti ya mumeo iko njiani na namba ya kifurushi hii hapa. Mtu akiona namba ya kifurushi anatulia kidogo.

Mumeo. Mwambie wakili amweke kwenye kila imeili anayokuandikia. Haki yake, ni mwenye nyumba. Akisoma mwenyewe "tunasubiri nakala iliyothibitishwa ya pasipoti ya mume", lile la kukushuku litakufa, na pengine atakwenda mjini asubuhi hiyo hiyo. Umweleze na tofauti ya huku na huko. Kwa mwenyekiti wa mtaa mkikubaliana, mkatia saini mbele ya mashahidi, mmefunga biashara. England na Wales, makubaliano ya bei hayamfungi mtu. Sheria ya 1989 inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi na umesainiwa, na unaanza kufunga siku mawakili wanapobadilishana mikataba. Mpaka siku hiyo mnunuzi anaweza kuondoka, anaweza kupunguza bei, na hadaiwi kitu. Lile bango lako halina nguvu yoyote kisheria. Utaratibu huu mimi siupendi, na Waingereza wenyewe wanaulalamikia, lakini ndio uliopo. Msomaji wa Glasgow haya usiyafuate, Scotland wana sheria yao.

Kwa hiyo umfukuze wakili? Hapana. Si sasa.

Ukimfukuza, utalipa kazi aliyokwishafanya, na ana haki ya kulishikilia faili mpaka umlipe. Wakili mpya ataanza na nini? Na kuwatambua wateja. Ataomba pasipoti ya mumeo iliyothibitishwa. Utakuwa umelipa ili urudi kwenye kikwazo kile kile, na wale vijana wakisikia umebadilisha wakili hapo ndipo watakapokimbia kweli.

Lakini kutomfukuza si kumwacha alale. Tafuta barua ya kwanza kabisa waliyokutumia, ile ndefu yenye masharti na gharama, ambayo hakuna anayeisoma. Ndani yake kuna jina la mtu anayesimamia ofisi na jina la anayepokea malalamiko. Anza na msimamizi, kwa simu: mweleze kwamba nakala isiyofaa ilipokelewa bila wewe kuambiwa, na swali la cheti halikujibiwa. Ukipita siku chache bila jibu, andika lalamiko rasmi, na neno "lalamiko" liwe kwenye kichwa cha barua, maana bila neno hilo watalihesabu kuwa ni ulizo tu. Wana wiki nane za kulijibu. Wakishindwa au jibu lisiporidhisha, unakwenda Legal Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko dhidi ya mawakili, bure, ndani ya miezi sita tangu jibu lao la mwisho, na pia usiache mwaka upite tangu tatizo lilipotokea. Huyo anaweza kuagiza upunguziwe ada au ulipwe fidia. Kuharakisha mauzo hawezi, kwa hiyo mhesabu kuwa ni wa baadaye. Solicitors Regulation Authority, wasimamizi wa mawakili, nao ni wa wakili aliyevunja maadili, aliyekula fedha au kudanganya. Uzembe wa kujibu simu watakurudisha kwa Ombudsman.

Na wakala wa nyumba asikwepe. Yeye ndiye aliyekuelekeza kwa ofisi hiyo, na mara nyingi mwelekezaji hulipwa kitu, jambo ambalo alipaswa kukuambia waziwazi. Mkumbushe kwa upole kwamba mteja ni wake na wakili ni wake. Ofisi inayoletewa wateja na wakala huyo itapokea simu yake haraka kuliko yako. Inaudhi, lakini itumie.

Ningebadilisha mawazo kuhusu kumfukuza endapo nakala ya mumeo imefika, bima imelipiwa, lalamiko rasmi limeandikwa, na bado ofisi iko kimya kabisa. Hapo zungumza na wakili mpya kwanza, akukubalie kuanza mara moja, ndipo umwage wa zamani.

Jambo la fedha, kabla sijasahau. Siku zikikaribia, wakili atauliza akaunti ya kupelekea fedha yenu. Kubalianeni wewe na mumeo sasa ni akaunti gani, kwa maandishi ya wote wawili, na iwe yenye majina yenu, si ya kijana wala ya shemeji. Kipindi hicho ndicho matapeli huvizia imeili. Ukipokea ujumbe kwamba namba za benki zimebadilika, au ukiombwa kuthibitisha akaunti kwa kubofya mahali, simamisha kila kitu, piga simu kwa namba iliyoko kwenye ile barua ya kwanza, usitumie namba iliyoandikwa kwenye ujumbe wenyewe.

Kazi na kontena vyote vinasubiri siku moja: siku ya kubadilishana mikataba. Siku hiyo mnunuzi hutoa amana, kwa kawaida asilimia 10 ya bei, na akirudi nyuma anaipoteza. Ila hapo na wewe umefungwa. Siku ya makabidhiano ikifika hamjasaini TR1, mnaanza kudaiwa riba, na mnunuzi anaweza kuwapa notisi ya siku 10 za kazi mkamilishe. Ndiyo maana nasema fomu ya Tanga iwe imeshafika kwenye droo ya wakili kabla ya kubadilishana. Angalia mkataba wako wa kazi unataka notisi ya muda gani. Ikiwa ni mwezi, mwambie wakili tangu sasa aombe wiki nne kati ya kubadilishana na kukabidhiana. Wakikataa wiki nne, chukua mbili, umalizie notisi ukilala kwa kijana wako. Na makabidhiano yasiwe Ijumaa. Kila mtu anaichagua Ijumaa, benki zinasongamana, na fedha ikichelewa mpaka jioni mnunuzi atakaa nje na gari la mizigo mpaka Jumatatu, na funguo hujui umpe nani.

Wakala wa kontena mwambie utalipa siku mikataba itakapobadilishwa. Akikataa kukushikia nafasi mtafute mwingine. Meli za Dar haziishi.